Gari la Bibi Harusi na Kisanduku cha Randu

Jumamosi, 12 Septemba 1998

Siku mbaya. Gari limenitia aibu kwa mama mkwe, tena wakati watu wanasali.

Nilitoka Ukunda na nia safi. Muhsina, mdogo wake mke wangu, anaolewa Jumamosi ijayo na Abdulrahman wa Kinondo, na bibi harusi hapelekwi kwa mumewe kwa miguu. Gari ninalo. Kwa hiyo nani zaidi yangu? Nikaegesha mlangoni kwa mama mkwe, Msambweni, nikampa shikamoo yake kwa adabu zote, nikamweleza kwamba gari liko tayari, viti vyake ni vya mahameli, na mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu. Mama mkwe akaitikia marahaba. Basi.

Ndipo gari likaanza kupiga honi. Peke yake! Ndani hamna mtu! Msikiti uko nyumba ya pili na Magharibi ilikuwa inasaliwa. Honi haikukoma mpaka nilipoupiga mlango teke, na hapo zikawaka taa zote na waipa zikaanza kufuta kioo kikavu.

Mama mkwe akasema palepale kwamba Muhsina atapelekwa na Ndolo.

Ndolo! Huyu ni Mkamba aliyeteremka kutoka mashamba ya Shimba Hills. Ana gari jeupe, anabeba wageni wa hoteli za Diani kama mimi, ila yeye wageni wanampanda. Gari lake vioo vinazungushwa kwa mkono! Lakini anajua kuamkia wazee, na mwaka jana alimpeleka mama mkwe hospitali bila kuombwa mara mbili, basi sasa amekuwa mtoto wa nyumba.

Roho iliniuma. Nikaapa. Nikasema wallahi, mbele ya mama mkwe, mke wangu Mwanafatuma na wanawake wote waliokuwa wakichagua mchele, kwamba Muhsina atapanda gari langu na atafika kama malkia, na likituaibisha tena, mama mkwe alichukue alifugie kuku. Nilitaka wacheke. Hakucheka mtu. Mama mkwe akalitazama gari, akawatazama kuku wake waliokwisha panda mpera kulala, akasema amekubali.

Kurudi Ukunda, Mwanafatuma alinipa kisogo njia nzima. Afadhali angenitukana. Gari hili nililibadilisha kwa pikipiki yangu, tena pikipiki inayowaka. Likienda, narudi dukani kwa ami yangu kupima mafuta ya taa. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu!

Jumapili, 13 Septemba

Nimelichunguza gari kwa utulivu. Nikiwasha indiketa ya kushoto, waipa zinacheza. Nikikanyaga breki, taa ya ndani inawaka. Honi inalia inapojisikia. Mambo haya yalianza baada ya mvua za El Nino, gari liliposimama kwenye maji mpaka vitini. Nilidhani likikauka litapona. Limekauka, halikupona.

Ndolo akaja bila kuitwa, anatafuna njugu. Kumbe habari za kuku zimeshafika Ukunda. Akainama chini ya usukani, akaguna, akasema visa ni vingi, lakini ugonjwa ni mmoja tu: kile kisanduku kinachotawala taa, milango, waipa na honi kimekunywa maji. Yeye anakiita bodi kontroli, kwa Kiingereza chake cha hotelini. Akasema nitafute kingine chenye namba ileile, ileile kabisa, halafu nisikiguse kabla ya kutoa betri. Ati nisipotoa, kitanichomea vitu zote.

Vitu zote! Mtu anayesema vitu zote ndiye wa kunifundisha mimi!

Nikamshukuru nikamwambia nilikuwa najua hayo. Nilikuwa sijui. Lakini nimeshamwona anakokwenda. Anataka nitoe betri, gari lisiwake siku ya harusi, yeye aingie na gari lake jeupe apigiwe vigelegele. Nimemshinda akili.

Jumatatu, 14 Septemba

Kisanduku nimekipata!

Nilikwenda kwa Randu, anayeuza viungo vya magari yaliyokufa, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Namba ya kisanduku changu niliiandika kiganjani. Kufika, jasho lilikuwa limeshaila nusu, lakini mwisho wake ulisomeka: herufi B. Randu akapekua gunia, akatoa kisanduku cheusi, kizuri, kikavu. Kinaishia na D.

Randu akauliza kama hiyo ina neno. Mimi ndiye mwenye gari, ikabidi nitoe uamuzi. Nikafikiri. Kati ya B na D kuna C tu. Hao ni majirani! Wanaazimana chumvi! Randu akasema nikingoja mpaka Alhamisi huenda akaniletea chenye B kutoka Mombasa. Nikamwambia watu wa kungoja ndio wanaoolewa na mashaka, mimi nataka leo. Tofauti ni herufi moja tu.

Nikampa gurudumu la akiba, akanipa kisanduku. Mke wangu ameuliza gurudumu liko wapi. Nikamwambia harusini hakuna pancha.

Jumanne, 15 Septemba

Nimekifunga mwenyewe. Mikono hii!

Betri sikuitoa, kwa sababu niliyokwisha ieleza. Nikabandua ubao wa chini ya usukani kwa kisu cha Mwanafatuma cha kukatia mchicha. Vishikizo vyake vikavunjika, lakini vilikuwa vingi mno. Kisanduku cha zamani kimeota kutu ya kijani, na ndani yake amefia kaa. Kaa mzima, na magando yake! Huyo ndiye aliyekuwa akinipigia honi miezi yote hii. Nikamzika kwa heshima.

Kuchomeka kisanduku kipya, pakatoka cheche. Nikajikuta nimekaa katikati ya njia, mkono wangu unanuka kama kuku wa kubanikwa. Mwanafatuma akachungulia dirishani akauliza kama nilitoa betri. Hata yeye! Ndolo ameshapita kila mahali.

Lakini gari limepona! Indiketa ni indiketa. Breki ni breki. Taa ya ndani imetulia. Kuna mabadiliko madogo tu. Gari likishika mwendo, milango yote inajifunga yenyewe, ka! Na ikishajifunga haifunguki kwa kishikio cha ndani wala cha nje, na tundu la ufunguo lilikwisha zibwa na kutu. Vioo vinateremka upana wa kiganja halafu vinagoma. Haya niliyagundua pale kituo cha mafuta, nikiwa ndani, jua la mchana, nimejifungia kama mchele ghalani. Nikabonyeza kila kitu. Nikavuta kila kitu. Nilikuwa nimeshaanza kusoma shahada nilipogusa swichi ya waipa, na milango yote ikafunguka. Honi nayo ikalia mara moja, paa!

Sasa nimeelewa. Hivi ndivyo magari ya mabalozi yalivyo. Adui hafungui, mwenyewe anafungua kwa siri anayoijua yeye. Nikamwonyesha Ndolo: waipa, ka, paa, milango wazi. Akacheka mpaka akaegemea gari lake. Husuda ina namna nyingi ya kutoka.

Alhamisi, 17 Septemba

Jaribio kubwa. Nimempeleka mama mkwe Kinondo, kupeleka sinia za vyakula kwa kina Abdulrahman, Mwanafatuma akiwa kando yake. Mimi mbele, mgongo wima.

Milango ikajifunga, mama mkwe akashtuka. Nikamweleza ni ulinzi. Tulipofika nikavuta waipa, ikafunguka, honi ikalia, akauliza honi ya nini. Nikasema ya heshima, kumpigia yeye. Akatengeneza mtandio wake. Nilimwona kwenye kioo!

Njiani maneno yote yalikuwa ya kifungua mlango. Mama mkwe amelishikilia jambo hili. Anasema zamani wanawake wa upande wa bibi harusi walikuwa wakisimama mlangoni wakaufunga hasa, na upande wa bwana harusi hauingii mpaka utoe kitu cha kufungulia mlango: doti ya kanga, marashi, wakikaza zaidi hata mbuzi. Yeye mwenyewe alipoolewa, shangazi zake walikaza mpaka wakwe wakaomba radhi kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Wanawake wa siku hizi, anasema, wakipewa chupa moja ya marashi wanaachia mlango kama wamechomwa. Atakwenda mwenyewe kusimamia. Kwa desturi mama haendi, lakini nani wa kumzuia mama mkwe wangu?

Aliposhuka kwake Msambweni akasema gari linafaa, nitamchukua Muhsina mimi, na Ndolo atafuata na wanawake wengine. Akaniita mwanangu. Miaka yote hii huwa ananiita yule.

Nilisimama pale nikaona macho yananilowa. Vumbi.

Ijumaa, 18 Septemba

Kumebaki kasoro moja, nimeimaliza.

Leo niliwashusha abiria karibu na msikiti. Ili washuke lazima niguse waipa. Nikigusa waipa, honi. Paa! Katikati ya hotuba ya Ijumaa! Imamu akanyamaza. Akangoja. Abiria wangu mmoja, mzee wa watu, alikuwa anatafuta kiatu chake chini ya kiti, mimi nikadhani wameshuka wote nikaondoa gari, milango ikajifunga tena, nikagusa tena, paa! Baada ya sala wazee wakanieleza wanachofikiri. Walieleza kwa zamu.

Alasiri tukaja Msambweni kulala kwa mama mkwe, gari liwe mlangoni tayari kwa kesho, na hapo nikakaa nikatafakari. Honi inalia kwa sababu ya waipa. Waipa za nini? Ni Septemba, mbingu nyeupe, tone la mvua hakuna. Nikachukua mkasi wa Mwanafatuma, nikakata waya za waipa chini ya usukani, kat! Nikazifunga ncha kwa utepe wa umeme, nikazisukuma ndani kabisa zisionekane. Nikajaribu swichi. Kimya. Raha iliyoje! Kazi ya fundi ya wiki nzima nimeimaliza kwa mkasi mmoja.

Jioni tumeliosha gari, milango yote wazi, na Mwanafatuma amelifukiza udi mpaka viti vinanukia kama peponi. Ndolo akapita akauliza kama kila kitu ki sawa. Nikamwambia kesho ajitahidi asipotee, afuate moshi wangu.

Jumamosi, 19 Septemba

Asubuhi. Kanzu nyeupe, kofia ya kufuma. Gari linang'aa, nimelifunga riboni. Mwanafatuma amenitazama akatabasamu, jambo ambalo sikulipata tangu nilipoleta gari nyumbani bila pikipiki. Nikirudi nitaandika furaha yote.

Jumapili, 20 Septemba

Jana sikuandika. Naandika leo, nikiwa nimelala kifudifudi.

Tulitoka Msambweni vizuri mno. Muhsina katikati, amefunikwa gubigubi, mikono yake imejaa hina, ameshaambiwa bibi harusi hasemi, hacheki, hatikisiki. Mama mkwe kulia kwake, shangazi kushoto, wengine nyuma wakiimba. Milango ikajifunga, ka! Nikajisemea, ulinzi. Nyuma yetu Ndolo na gari lake jeupe. Barabara yote watu wanatupungia.

Tukafika Kinondo. Uwanja umejaa. Abdulrahman amesimama na joho lake, wajomba zake wamejipanga, ngoma inalia. Nikazima injini. Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya waipa.

Na hapo ndipo nilipokumbuka mkasi.

Nikagusa. Kimya. Nikagusa tena. Ile raha ya Ijumaa, kimya kilekile. Nikavuta kishikio cha mlango. Nikavuta kwa bega. Jasho likanitoka mahali ambapo sikujua kuna jasho. Nikaona kuku. Wallahi niliwaona kuku, wamekaa kwenye viti vyangu vya mahameli.

Nje, mjomba mmoja akaja akajaribu mlango. Haufunguki. Akajaribu wa pili. Haufunguki. Akarudi nyuma, akawatazama wenzake, kisha uso wake ukafunguka. Akapiga kelele kwamba hawa wa Msambweni wamefunga mlango barabarani! Wanataka kifungua mlango kabla hata ya bibi harusi kutia mguu chini!

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na ndani ya gari, mama mkwe akanigusa bega. Akaninong'oneza kwamba hili hakulitarajia, kwamba shangazi zake wote wangekuwa hai wangenibusu, na kwamba nikaze hivyohivyo.

Nikakaza. Ningefanya nini jingine?

Kwenye ule upana wa kiganja wa kioo ikaingia doti ya kanga. Vigelegele! Mama mkwe akaipokea, akatazama jina lake, akasema haitoshi. Yakaingia marashi. Ikaingia halua kwenye jani la mgomba. Akaingiza kichwa mbuzi, kichwa tu, mwili ulibaki nje, wakamfunga kwenye bampa. Kila kitu kilipoingia, wajomba walinitazama mimi, na mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni. Nao wakaona huyu shemeji ni jiwe. Nikasikia mmoja anasema hajaona mtu mwenye msimamo kama huu Pwani nzima. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona raha. Kwa muda mdogo nilisahau kabisa kwamba sina njia ya kufungua.

Lakini udi, jua na wanawake watu wazima ndani ya bati vina mpaka wake. Shangazi akaanza kujipepea kwa halua. Mama mkwe akasema sasa inatosha, mwanangu, fungua. Nikasema tungoje, wataongeza. Akasema inatosha. Nikasema nawaona wanatafuta ng'ombe. Akasema, bila mwanangu safari hii, Athmani, fungua mlango.

Nikamwambia.

Sitaandika aliyoyasema. Mbuzi aliyasikia, akatoa kichwa.

Ndolo akaja dirishani. Ameshaelewa, unamwona machoni. Akauliza, taratibu, kama nimejaribu waipa. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba waipa nimezikata. Akafunga macho kidogo kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema anajua la kufanya, lakini siku ya leo hakuna mlango unaofunguliwa bure, hata yeye ana kifungua mlango chake. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka niseme, watu wote wakisikia, kwamba gari lake ni bora kuliko langu.

Nikasema. Akaweka mkono sikioni. Nikasema tena. Akasema ngoma imezidi, hajapata. Basi wanawake wote ndani ya gari langu, waliokaa kwenye viti vyangu, wakapiga kelele kwa umoja kwamba gari la Ndolo ni bora, bora, bora! Mama mkwe ndiye aliyeanzisha. Aliongeza na mapambo yake mwenyewe.

Ndolo akainama akasema: unganisha waya ulizokata, mzee.

Hilo tu! Hilo hata mimi ningelifikia baadaye!

Nikainama chini ya usukani. Ncha nilikuwa nimezisukuma mbali mno, na mkono wangu mnene haufiki. Nikajaribu wa kushoto. Kofia ikaanguka. Nikaganda hapo, makalio juu, mbele ya wakwe wa Kinondo. Ndipo nikasikia kitu kinatikisika katikati ya viti. Muhsina. Yule asiyesema, asiyecheka, asiyetikisika, alikuwa anacheka mpaka shela inaruka. Akaiweka shela nyuma, akapita kati ya viti viwili, akaingiza mkono wake mwembamba wenye hina chini ya usukani, akazivuta zile ncha, akabandua utepe kwa kucha, akazishikanisha.

Waipa zikacheza. Paaaaa! Milango yote ikafunguka kwa pamoja, na wanawake wakamwagika nje kama nazi kwenye gunia lililochanika.

Honi haikukoma tena. Muhsina alishuka mwenyewe, shela mgongoni, kidole kimoja cheusi kwa uchafu wa gari, akasimama mbele ya Abdulrahman. Abdulrahman akasema kwa sauti kubwa, ili asikike juu ya honi, kwamba wao wametoa kanga, marashi, halua na mbuzi, na bibi harusi kumbe alikuwa na ufunguo mkononi muda wote. Muhsina akasema alitaka kwanza kuona watafika wapi. Uwanja ukalipuka. Hata wajomba walipiga vigelegele, kazi ambayo si yao.

Mjomba mmoja akauliza kama mbuzi atarudishwa. Mama mkwe akamtazama. Mjomba akasema alikuwa anauliza tu.

Ndolo akafungua boneti akatoa betri, na honi ikakata. Mama mkwe akaja polepole, ananyoosha mtandio wake. Nikajaribu kueleza kwamba bibi harusi alifika kama malkia, kwa hiyo kiapo changu nimekitimiza. Alikuwa analipima gari kwa hatua, urefu na upana, na midomo yake inahesabu. Hapo nikaelewa anahesabu viota, na nilihisi kulia kweli. Si kwa ajili ya kuku. Ni kwa sababu Alhamisi aliniita mwanangu, na nilipenda.

Jumatatu, 21 Septemba

Gari limevutwa mpaka Msambweni. Limevutwa na Ndolo. Alipiga honi njia nzima, moja moja, honi inayotii.

Sasa liko uani, chini ya mpera, na kuku wanaingia kwa mlango wa nyuma kama abiria wa hoteli. Jogoo amechukua kiti changu. Mama mkwe ametandika nyasi juu ya mahameli. Mwanafatuma amesema ami yangu amemtuma mtu kuuliza naanza lini dukani. Nikamjibu kwamba kwanza lazima nifikirie kosa lilikuwa wapi.

Nimefikiri. Kosa lilikuwa mkasi. Mkasi wa Mwanafatuma hauna makali, ulikata vibaya. Zaidi ya hapo sioni.

Ijumaa, 25 Septemba

Naandika haraka, nimesimama, nina safari.

Habari njema kwanza. Kinondo mpaka Galu hawana hadithi nyingine. Wanasema harusi ya Muhsina haijapata kutokea. Mama mmoja wa Mwabungu amemuuliza mke wangu lile gari lililokataa kufungua linapatikana wapi, kwa sababu binti yake anaolewa kabla ya Ramadhani na wakwe zake ni mabahili. Mwanafatuma alinieleza kama kichekesho. Kichekesho! Mimi nilikaa wima. Hii ni kazi! Gari la kifungua mlango! Hakuna mwingine Pwani hii aliye nalo. Kinachotakiwa ni lifunge nikitaka na lifungue nikitaka.

Basi leo asubuhi, mama mkwe akiwa amebebwa na shughuli zake, nikaingia uani na ile betri kimyakimya, nikaifunga, nione tu kisanduku kina hali gani. Umeme kuingia tu, bila hata kungoja mwendo, milango yote ikajifunga, ka!

Shughuli za mama mkwe zilikuwa kuokota mayai. Yumo ndani.

Nimemwomba kwa shikamoo aguse swichi ya waipa. Ameigusa. Zile waya Muhsina alizishikanisha tu kwa vidole, nadhani zimeachana. Honi ilitoa sauti kama ya kuku, na kuku wakaijibu, basi. Nimempitishia maji kwenye upana wa kiganja. Hakuyapokea. Anasema jina moja tu, Ndolo, Ndolo, na Mwanafatuma ameshamtuma mtu.

Lakini kabla Ndolo hajafika mimi nitakuwa nimerudi. Nakimbilia kwa Randu. Ametoa kisanduku kingine kutoka lile gunia, amekiweka pembeni kwa ajili yangu. Nimeshaiangalia namba. Tofauti ni herufi mbili tu, na moja yao inafanana sana na yangu.

Betri nimeiacha ilivyo. Kuitoa ni kupoteza wakati.